Siku Mama Nefise Alipowaruhusu Wageni Kushika Unga

Mtaa wa Palorto,
Gjirokastër.
11 Juni 2023

Mpendwa wifi yangu Pranvera,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia sebuleni hadi darini. U hali gani? Mgongo wako je, bado unakusumbua kwa kusimama kutwa pale duka la dawa? Na Alban na watoto, wazima? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Kaka yako Petrit ana kikohozi chake kile kile na sigara zake zile zile, na haoni kama vinahusiana. Mama hajambo, ila goti linamlalamikia akishuka ngazi. Mvua za mwaka huu zimekwisha na paa la mawe halikuvuja.

Ningekupigia simu, lakini unaijua simu ya nyumba hii. Nikikupigia tu, Mama anakuja kukaa begani mwangu na kunisahihisha kila neno. Kwa hiyo nimejifungia chumba cha juu naandika, naye anadhani nakunja mashuka.

Umeniuliza mara tatu kwa nini Mama hataki kuja kuishi nawe Toronto, na umesema karatasi zake za uhamiaji lazima zijazwe kabla ya mwisho wa mwezi. Mara zote tatu nilikujibu kwamba ni goti, au anaogopa ndege. Sikukudanganya, wifi, nilikuwa sijui. Sasa najua, na ndiyo sababu ya barua hii.

Kwanza niseme la kwangu, usije ukalisikia kwa mwingine. Mimi nilitaka aende. Wanasema mafahari wawili hawakai zizi moja, na waliosema hivyo hawakuwahi kuona wanawake wawili wenye jiko moja kwa miaka kumi na tisa. Mama yako nampenda, lakini kila nikitia chumvi yeye huonja na kuguna.

Unakumbuka Petrit alivyotangaza kwenye mtandao kwamba wasafiri wanaolala kwetu wanaweza kufundishwa mapishi ya kwetu. Mama alikubali siku hiyo hiyo bila ubishi, na mimi ningepaswa kushangaa. Wa kwanza walikuja Aprili, Wapolandi wanne. Walifika saa nne asubuhi wakakuta Mama amekwishapika kila kitu: byrek mbili za tabaka za unga, qifqi za vidonge vya wali sinia zima, na pilipili hoho za kujazwa. Akawakalisha, akawapa kahawa, kijiko cha gliko tamu ya jozi changa na glasi ya raki kali, kisha chakula. Binti mmoja aliinuka ili asaidie kuondoa sahani. Mama akamshika mabega akamrudisha kitini.

Waliofuata walikuwa Wafaransa, mume na mke. Hao waliuliza unga uko wapi. Mama akawaongezea byrek. Waliporudi kwao waliandika kwamba chakula hakina mfano, lakini walichojifunza ni kutafuna tu. Petrit alitaka kung'oa nywele zake, na unajua zilizobaki ni chache.

Nikamwambia, "Mama, hawa watu wanakuja kujifunza."

"Wajifunze. Si wana macho?"

"Wanataka kushika unga kwa mikono yao."

"Mgeni ashike unga kwangu? Ili Palorto nzima iseme Nefise kazeeka, sasa anawatumikisha wageni? Nyumba ni ya Mungu na ya mgeni, Dhurata. Mimi na wewe tunaitunza tu."

Kuna wasemao mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama hampi jembe hata mwaka wa tatu.

Basi Jumamosi ya tarehe tatu wakaja wengine, mama na mwanawe, Waholanzi. Mwana anaitwa Joost, fundi baiskeli, ndevu zinafika kifuani. Mama mtu ni Hanneke, muuguzi mstaafu wa miaka sabini na miwili, mwembamba na mwenye haraka. Usiku wa kuamkia siku hiyo niliuficha unga wote kwenye sanduku la mablanketi. Wageni walipoingia, mezani palikuwa na kahawa peke yake.

Mama alinitazama. "Hili nitakukumbusha siku ya kufa kwangu," akasema, na mimi nikaenda kuutoa unga.

Hata hivyo alianza kukanda peke yake, wageni wakiwa kwenye kochi kama watu wanaosubiri daktari. Hanneke akakunja mikono ya shati akainuka. Mama akamkalisha. Akainuka tena, akakalishwa tena. Mara ya tatu hakukubali kukaa, akanigeukia mimi na kile Kiingereza changu cha wageni.

"Muulize, nani anaruhusiwa kushika unga katika nyumba hii?"

"Watu wa nyumbani," Mama akajibu bila kuinua kichwa.

"Na mtu anakuwaje wa nyumbani?"

Mama akafikiri. "Anazaliwa humu, au anaolewa humu."

"Mwambie kuzaliwa nimeshachelewa," Hanneke akasema.

Nikatafsiri. Mama akabana midomo kama afanyavyo anapokataa kucheka, akapangusa mikono, akatoka. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikwenda stoo, akarudi na bakuli la asali.

Siku niliyoletwa hapa bibi harusi ulikuwepo, ulisimama karibu na mlango na gauni lako la njano, uliona asali ilivyonichuruzika hadi kwenye kiwiko. Basi hivyo hivyo. Mama aliwatoa nje wote wawili, akawachovya vidole kwenye asali, akawafanya wapake kizingiti cha juu, akawaamuru waingie kwa mguu wa kulia. Joost ni mrefu, akagonga kichwa pale pale penye asali.

"Bibi harusi huyu ana ndevu kumpita marehemu baba mkwe," Mama akasema. "Ila mwaka huu wachumba ni wachache. Aingie."

Wakaingia, na kuanzia hapo niliwahurumia. Mama hakuwa na mgeni tena ndani ya nyumba, alikuwa na wakamwana wawili wasiojua kitu. "Unausukuma unga huo au unaubembeleza?" alimwambia Joost. Alipoutoboa unga uliokwishasukumwa Mama aliuinua kwenye mwanga wa dirisha na kusema Petrit akivaa suruali ya namna hii atakamatwa na polisi. Hanneke alikuwa akiviringa qifqi kubwa mno, Mama akampiga kofi mkononi, akamwonyesha, akampiga tena. Yule mwanamke alicheka hadi machozi. Nilipotaka kumtafsiria alinizuia, akasema anaelewa yote.

Nami nilisimama pale nikiyasikiliza maneno yale yale ninayoambiwa mimi kwa miaka kumi na tisa. Siku zote nilidhani ni uadui.

Byrek yao ilitoka imepinda upande mmoja, lakini ililika. Tulipokuwa mezani Hanneke alisema kwamba tangu astaafu watoto wake wamemkataza ngazi, wamemkataza bustani, hata baiskeli wameificha. Joost akainamisha macho kwenye sahani. "Leo ndiyo mara ya kwanza mwaka huu nimegombezwa," Hanneke akasema. "Mshukuru kwa niaba yangu."

Mama aliweka uma chini. Maneno aliyoyasema nakuandikia kama yalivyo, na nakuomba uyasome ukiwa umekaa.

"Mwambie mimi nilikaa miezi mitatu kwa binti yangu Toronto. Binti mwema, sina la kumlaumu. Kila asubuhi, kaa Mama, pumzika Mama. Nikaosha kikombe kimoja, akakitoa mkononi mwangu akakitia kwenye mashine. Alinipa chumba kizuri chenye taulo nne. Nikajua hapa mimi ni mgeni. Na mgeni mwenye adabu haambiwi siku ya kuondoka."

Nilitafsiri nusu, nusu nyingine ikanishinda.

Usilie, wifi. Hakuyasema kwa hasira. Tena kama ni kosa, langu limezidi. Tangu alipoanguka kwenye ngazi mwezi wa kwanza nilimnyang'anya ndoo, nikamnyang'anya ufagio, nikachukua na ufunguo wa stoo, na nilimwambia Petrit kwamba hiyo ndiyo heshima. Ukweli ni kwamba nilipata kisingizio cha kuliteka jiko. Sasa naelewa kwa nini alikubali yale mafunzo haraka vile, na kwa nini aliamka alfajiri kupika kila kitu mwenyewe. Siku za wageni ndizo pekee nilizokuwa namwachia jiko lake. Nimeona aibu kubwa.

Jumatatu nilimrudishia ufunguo. Hakusema asante. Aliingia stoo, akahesabu chupa za achari, akatoka akaniambia zimepungua mbili. Na kweli, nilizigawa.

Haya, kuhusu karatasi. Leo asubuhi alikuwa akimenya njegere, nikamuuliza waziwazi kama atakwenda kwako au hataki. Alimenya maganda matano au sita kabla ya kunijibu.

"Ananihitaji, au ananihurumia?"

Nikasema sijui, nitakuuliza. Kwa hiyo nakuuliza, lakini jibu mpe yeye, usinipe mimi. Kama ni huruma, ziache karatasi, huku anatunzwa. Kama unamhitaji, jaza, na siku atakayofika usipike chochote. Acha masufuria machafu kwenye sinki na shati la mwanao Orest bila vifungo. Mpe ufunguo wa mlango, umwambie umechelewa kazini, uondoke. Jioni akikugombeza mbele ya watoto, nyamaza ule.

Akikuuliza nani amekufundisha hayo, usinitaje. Nilikwambia nilitaka aende. Siku hizi sitaki tena, na usiku huwa nafikiria jiko lile nikiwa peke yangu na chumvi yangu. Lakini ni mama yako kabla ya kuwa wangu, na nisingeweza kukuficha njia ya kumpata.

Msalimie sana Alban, na uwabusu Orest na Dea kwa niaba ya mke wa mjomba wao wa mlimani. Petrit anakusalimu kwa kikohozi. Binti yetu Brikena anakushukuru kwa viatu, vimemtosha, na Mama keshasema visigino ni virefu mno. Mungu asiwapunguzie mkate mezani, wala watu wa kuumega nao.

Ni mimi wifi yako akupendaye daima,

Dhurata