Mbuzi wa Mama Riziki Hawana Kosa

Mama,

Shikamoo. Nimekaa kwenye kigoda chako nyuma ya nyumba, chini ya michikichi, na uso wa kukutazama sina. Afadhali hunioni. Au unaniona, ndiyo maana nashindwa kulala vizuri.

Mkeka wako nimeung'oa mimi.

Sisemi ule wa ukindu. Ni yale majani membamba kama nyasi, yanayobaki kijani masika na kiangazi, uliyopewa na mtunza bustani wa hoteli ukampa dagaa wa Kibirizi. Alikwambia yanaitwa mondo. Ulirudi ukicheka: "Mondo si paka wa porini? Mimi nauita mkeka." Kila mvua zilipoanza uliligawa shina moja likawa mashina kadhaa, ukayapanga kwenye kivuli hiki ambako hata ukoka ulikataa kuota, mpaka maji yakaacha kubeba udongo wetu kuupeleka ziwani. Nikija likizo kutoka Dodoma nilikutania kwamba hayakui. Ukanijibu, "Hayana haraka. Mwenye basi la kuwahi ni wewe."

Sasa sikia nilichofanya. Dua ya arobaini ilikaribia, wageni wangekuja kutoka Ujiji na Mwanga, na wewe unawajua watu wetu: nyasi uani ni nyoka na uvivu, ua wa mtu mwenye adabu ni udongo uliofagiwa. Niliogopa wasije wakasema binti wa marehemu amelala tu. Waliokuja msibani walikuwa wamekalia mkeka wako hadi ukalala chini, kisha magugu yakapita juu yake. Nikashika jembe nikaparua kila kitu. Nikakusanya, nikachoma, nikafagia. Nilijiona hodari kweli! Ua ukabaki kama kichwa kilichonyolewa.

Nilipokuwa nazoa majivu ndipo nikaziona zile punje zake za buluu, ulizokuwa ukimpa Riziki, mtoto wa jirani, azichezee alipokuwa mdogo. Ndipo nikajua nimechoma nini, Mama.

Siku ya dua, mama mdogo akauliza mbele ya wanawake wote, "Mkeka wa dada uko wapi?" Mdomo wangu haukusubiri. Nikasema, "Mbuzi."

Neno moja tu. Lakini Kasingirima nzima inajua mwenye mbuzi mtaa huu ni nani. Mama Riziki alikuwa pale pale kwenye masufuria, anapakua wali wa wageni wetu tangu asubuhi hajakaa. Upawa wake ulisimama kidogo. Kisha akaendelea kupakua, na mimi nikajifanya natafuta sahani.

Kesho yake alikuja na beseni kichwani. "Mwakeye," akaniamkia kwa Kiha, kwa sauti ya chini. Ndani ya beseni kulikuwa na mashina ya mkeka, yana udongo wake bado. "Mbegu hii alinipa mama yako. Nisamehe mwanangu, wale wanyama hawana akili. Nimeshawafunga."

Unajua nilimjibu nini? "Haya mama, yameisha." Nilimsamehe! Mimi ndiye niliyemsamehe yeye, Mama, nikapokea na beseni.

Nimeyapanda kama ulivyonifundisha: nafasi ya kiganja, shingo ya shina isizame, maji jioni. Yameshika. Majirani wakipita wananisifu, wanasema mkono wa mama umerithiwa. Naitikia nikiangalia chini. Na ng'ambo ya ua mbuzi wanalia kutwa kwenye kamba fupi, wameshakula majani yote waliyoweza kuyafikia, na Mama Riziki anahangaika na ndoo ya maji na mundu kuwatafutia malisho. Nyumba hii haina upande ambao siwasikii.

Leo mama mdogo na wenzake wanakutana kwa Mama Riziki kumenya mihogo. Ni wale wale walionisikia siku ya dua. Nilikuwa nimepanga kumwambia peke yake, kimya kimya. Hapana. Nilimsingizia mbele yao wote.

Mkeka wako nitautunza mpaka ufike mlangoni, hata kama hauna haraka. Lakini kwanza nitasema, na kamba nitazifungua kwa mikono yangu.

Pumzika, Mama. Mbuzi wanalia tena. Naenda.

Mwanao