Mvua Kwenye Sauti ya Mama

Majimbo, Embu

Ndugu yangu Mithika,

Hapa tuko salama, ila baridi imezidi. Mtoto ameota jino. Kule nyumbani Githongo kahawa imechanua vizuri tangu tumzike mama.

Ile sauti yake uliyoniomba nimeihangaikia siku tatu. Nilimrekodi jikoni tukimenya ndizi, mvua ikipiga mabati, kwa hivyo maneno hayakusikika. Maktaba, yale mafaili ambayo programu ya kuondoa kelele huyategemea, ilikataa kuingia kwenye kompyuta. Kompaila, programu ya kuyaunganisha, ilitoa kosa baada ya kosa: mara faili haipo, mara toleo ni la zamani. Nikirekebisha moja, yanatokea matano. Kumbe kompyuta yangu ni ya zamani, ya biti thelathini na mbili, nami naipa vitu vya kompyuta mpya, vya biti sitini na nne. Nilipoipa vinavyoifaa, ikakubali bila neno.

Mvua yote imeondoka. Nilikuwa nimekuambia anakubariki humo, hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini. Kumbe mama anauliza, "Kanana, umemwambia Mithika mimi ni mgonjwa?" Nami nasikika nikijibu, "Nimemwambia, mama. Amesema ana kazi nyingi."

Sikuwa nimekuambia kwamba anaumwa. Nilikuwa bado na hasira nawe kwa sababu ya ule ugomvi wetu wa shamba, na nilidhani angepona.

Mama anasema, "Basi mwache afanye kazi."

Ningeweza kukata kipande hicho. Flashi iko ndani ya bahasha hii, na sauti iko yote.

Dada yako,
Kanana