Picha Niliyoikata Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Umeme umekatika tena saa nne. Kompyuta kumi na tatu kimya, wanafunzi ishirini na wawili tunaangaliana. Madam Honorata akachukua chaki, akaandika ubaoni alama za kufungua na za kufunga za kuandikia tovuti, nasi tukazinakili kwenye daftari. Ukifungua kitu lazima ukifunge, la sivyo ukurasa wote unaharibika. Napenda sheria hiyo. Nakaa na Paskalina wa Endabash, ambaye akisikia baridi anaweka miguu yake juu ya yangu chini ya meza. Ukungu haujaondoka Karatu tangu asubuhi.

Leo imetimia miezi kumi na moja tangu kaka achukuliwe na maji. Korongo lilelile tulilokuwa tunavuka kwenda shule. Alirudi kuwatoa ndama.

Alhamisi, 6 Machi

Somo la picha na maneno. Madam alionyesha ukutani ng'ombe waliokonda wakitembea barabarani. Chini akaandika "Ukame." Akafuta, akaandika "Wavamizi." Akafuta tena, akaandika "Wanarudi nyumbani." Ng'ombe walewale. Mara ya kwanza darasa lilicheka. Walipocheka tena kwenye "Wavamizi", sisi watatu wa kutoka Ngorongoro hatukucheka.

Kisha zoezi. Kila mtu atoe picha ya mtu kwenye simu yake, ampe jirani, jirani aandike maneno.

Paskalina alinipa bibi yake. Akasema kwa pumzi moja, "Huyu bibi yangu Maria, alifariki mwezi wa nane, tulishona sare za kijani." Kwao jina la marehemu linaandikwa msalabani na linasomwa kanisani. Kwetu marehemu hatajwi jina, hasa na ndugu zake. Mtoto wa boma la jirani aliyekuwa na jina kama la kaka amepewa jina jingine, na ameshalizoea.

Mimi nilimpa picha ya kaka. Sina picha nyingi. Amesimama nje ya boma, fimbo mabegani, anacheka mpaka pengo la chini linaonekana. Mbuzi mdogo anamvuta pindo la shuka. Hicho ndicho anachochekea. Alisema huyo mbuzi ana tabia zangu.

"Nani huyu, mzuri hivi? Kaoa?"

"Mtu wa kwetu," nikasema.

"Nimekuuliza kaoa, sijauliza kwao."

Nikamsogezea kibodi. Akaandika: "Njoo Ngorongoro. Anakungoja." Darasa zima lilipiga makofi. Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi. Walikuwa wanamtazama kama mtu aliye hai.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Hakuna kipindi.

Jumatano, 12 Machi

Kazi yetu ya vitendo ni tovuti ya kampuni ya safari ya hapa mjini. Mwenyewe, Bwana Elia, alikuja darasani na koti lake la mifuko mingi. Alipitia picha zote za zoezi. Akasimama kwa kaka.

"Huyu. Huyu anaita wageni."

Akauliza picha ni ya nani. Nikanyoosha mkono. Akauliza kama mwenyewe ameridhia. Ningeweza kusema pale pale. Lakini kusema amekufa ni kuanza kuulizwa ni nani, alikufaje, anaitwa nani, mbele ya watu ishirini na mmoja. Kulikuwa na fomu. Penye "mwenye picha ameridhia" nikatia tiki.

Picha ilikuwa ndefu, nafasi ya juu ya ukurasa ni pana. Madam akaniambia nikate. Nikakata chini. Mbuzi akatoka. Akabaki mtu anacheka na hakuna anachochekea, kwa hiyo anamchekea anayemtazama. Nilifanya kwa mkono wangu, ilichukua muda wa kufumba jicho.

Jumapili, 16 Machi

Tovuti iko hewani tangu jana. Bwana Elia ameshabadilisha nywila, sisi hatuwezi kuingia tena. Nimeifungua kwenye simu baada ya ibada. Inafunguka polepole, kwanza nywele, kisha paji, kisha macho. Nimeifungua mara nyingi mno. Bando limekwisha.

Jumanne, 18 Machi

Yeyo, mama yangu, amepiga simu saa tano asubuhi. Nilitoka nje kupokea.

Dereva mmoja wa watalii alisimama kijijini kwetu Malambo, dukani, akawaonyesha watu picha kwenye simu, kwamba kijana wao sasa ni maarufu. Hakujua kwamba ni marehemu. Wifi yangu alikuwa pale, amefuata chumvi. Wifi amesoma mpaka la saba, anasoma vizuri kuliko Yeyo. Aliona mume wake anacheka. Akasoma maneno ya chini, yaleyale ya Paskalina.

Tangu juzi hali chakula. Anasema ameitwa. Anasema mumewe angekuwa amesema tu "njoo", yeye angenyamaza, lakini amesema anangoja, na si vizuri mtu kungojeshwa. Jana walimkuta ameketi kwenye ukingo wa korongo, mtoto mgongoni. Maziwa ya kunyonyesha yamepungua.

"Nani amefanya hivi?" Yeyo aliuliza.

Nikamwambia ni mimi. Nikasikia ng'ombe wanapita nyuma yake. Kisha akasema, "Mtoe." Akakata.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda na Madam ofisini kwa Bwana Elia. Nilimwambia. Ni mara ya kwanza nasema kwa Kiswahili, mbele ya mgeni, kwamba kaka yangu amekufa. Nilisema vibaya.

Si mtu mbaya. Alinipa kiti. Lakini alitoa fomu.

"Binti yangu, hapa uliandika ameridhia. Leo unaniambia marehemu. Nishike lipi?"

"La leo."

Akasema picha imeshawekwa kwenye kurasa zake zote, na mshirika wake Arusha hatakubali kuitoa kwa maneno matupu. Anataka barua ya familia. Jina kamili la marehemu, kwamba picha yake iondolewe. Ataitoa siku hiyohiyo.

Nikasema siwezi kuandika jina. Akadhani sijui kuandika barua. Akaanza kunieleza tarehe inakaa wapi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemweleza Paskalina. Alilia kuliko mimi. Kila mara anarudia kwamba maneno ni yake. Nikamwambia aliandika kwa alichokiona, na aliona nilichompa. Hilo halikumsaidia.

Nimefikiri siku nzima. Hakuna neno la uongo pale. Kucheka, alicheka. Ngorongoro ni kwao. Kama ningeandika chini yake "marehemu", watu wangeinamisha vichwa kwa picha hiyohiyo. Kama ningemwacha mbuzi, wangecheka pamoja naye. Wifi hajachanganyikiwa. Amesoma kama ilivyoandikwa.

Nilidhani kutokumtaja ni kumlinda. Kwenye kompyuta asiye na jina anachukuliwa na yeyote.

Jumamosi, 22 Machi

Nimempigia Baba. Baba hapendi simu, anaishika mbali na sikio. Nikamwambia wanataka jina limeandikwa. Sikuweza kumwomba moja kwa moja.

Akauliza huyo mwenye kampuni ni mtu wa wapi. Nikasema Mwiraki. Akauliza rafiki yangu niliyekuwa namtaja ni wa wapi. Nikasema naye Mwiraki.

"Basi aandike yeye. Kwao haimdhuru mtu."

Nikasema hajui jina, na mimi siwezi kumwambia.

"Macho anayo?"

Kadi ya kupigia kura ya kaka iko kwenye sanduku la Yeyo, imefungwa ndani ya kitambaa. Wataituma na gari la Malambo. Nikauliza habari za Wifi. Baba akasema Yeyo analala naye nyumba moja na mlango unafungwa kwa nje.

Jumatatu, 24 Machi

Kadi imefika. Bahasha imegandishwa kwa gundi ya viatu. Sikuifungua.

Jumanne, 25 Machi

Niliiweka bahasha mezani, nikageukia dirishani. Paskalina alifungua. Nilimsikia anatafuta kalamu. Aliandika barua polepole, kwa herufi kubwa, akasimama mara moja kuangalia tena tahajia. Hakusoma kwa sauti, hata midomo nilijua haichezi kwa sababu Paskalina akisoma anapumua kwa kinywa, na hakupumua hivyo. Akarudisha kadi kwenye bahasha. Nikaweka sahihi yangu chini, mkono mmoja umefunika mstari wa juu.

Tulikwenda wote wawili. Bwana Elia alivaa miwani. Kabla Paskalina hajamzuia, akasoma. Jina lote, la kwake, la Baba, la ukoo. Alilitamka kama Wairaki wanavyotamka majina yetu, mazito kidogo mwishoni.

Nilidhani nitasikia kosa limefanyika, kitu kimepasuka. Sikusikia kitu. Ofisi ilinuka kahawa. Ni karibu mwaka sijasikia mtu akilitamka. Alikuwa na jina zuri. Nilikuwa nimeanza kusahau lilivyo likiwa mdomoni mwa mtu.

Nilitaka alisome tena. Nimeona aibu kwa hilo, na bado nataka.

Bwana Elia akasema pole. Akageuza kompyuta tuone. Akabonyeza. Mahali pale pakabaki peupe kwa muda, ukurasa bila kichwa. Kurasa nyingine nazo akazifuta, moja moja, tukiwa tumesimama. Akasema kuna watu wameshaichukua na kuituma kwingine. Hao hawezi kuwafikia. Alisema akiangalia meza.

Kwa hiyo yupo bado mahali fulani, anamchekea mtu nisiyemjua.

Jumapili, 30 Machi

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Nimefua, nguo hazitakauka.

Baba amepiga mwenyewe. Hajawahi. Wifi alikwenda dukani na Yeyo, wakamwomba mwenye duka awafungulie ule ukurasa kwenye simu yake. Wifi akatazama mpaka mwisho wa ukurasa, akarudi juu, akatazama tena. Akamrudishia mtu simu yake. Jioni alikunywa maziwa, na jana amekula. Haongei. Mlango hawafungi tena kwa nje, ila Yeyo bado analala naye.

Baba aliuliza sasa wameweka nini pale.

"Tembo," nikasema.

Akauliza tena:

"Wana hakika yuko hai?"

Sikuwa nimewaza hilo. Nikasema sijui, Baba. Akasema si neno. Akaniambia korongo limejaa, wanazungukia juu, na ng'ombe yule mwekundu amezaa jike.