Jicho la Kushoto Nililiweka Kulia

Shangazi Damalie, salamu. Ukicheka kabla ya mwisho nitajua, maana hapa Busia hakuna kitu kinanipita. Mimi ndiye niliyepiga filamu ya kwanza ya harusi ya 3D kutoka huku mpaka Tororo, ile ya kuvaa miwani ya karatasi, jicho moja jekundu na jingine bluu, mtu anatoka kwenye pazia kama anakuja kukusalimia, na shule niliishia Senior Two, lakini wasomi wa chuo kikuu cha Busitema walikuja kuniuliza nimefanyaje. Ila moyoni sina raha.

Kazi hiyo inataka kamera mbili na mimi ninayo moja. Ya pili ilikuwa ya rafiki yangu Emoit wa Tororo, mpole mpaka unaweza kumkanyaga na yeye ndiye akaomba radhi. Tukazifunga kwenye ubao mmoja, zikaachana kama macho ya mtu, tukapiga kofi mbele ya zote mbili ili baadaye picha zianze pamoja, tukapiga harusi ya Goretti na Paddy, ule mwamba wa Tororo ukiwa nyuma yao, na Emoit kila saa anapima ubao kwa chupa ya maji usije ukalala upande, mimi namcheka, "We Emoit, unapiga filamu ama unajenga nyumba?" Kuunganisha picha kwenye kompyuta nikamkataza hata kugusa, nikamwambia hiyo ni ya wenye kichwa.

Siku ya kuonyesha tulitundika blanketi madirishani kwenye ukumbi mmoja Dabani, mchana kweupe, ukoo mzima umevaa miwani. Shangazi, mwamba ukaja mbele, Paddy akarudi nyuma kama amezikwa ndani yake, nyuso zikabonyea kama sahani, watu wakashika vichwa, mjomba mmoja akatoka kutapika. Babake Goretti, Mzee Etyang, akauliza, "Nani ameharibu?" Na mimi mbele ya wote nikasema, "Ni kamera ya Emoit, nilimwambia aikaze." Emoit akauendea ubao wa kamera tuliokuja nao. Akafungua kamera yake, akaenda zake.

Nyanya yake Goretti, Mama Specioza, naye anapiga kelele, "Mbona mimi naona vizuri? Paddy huyu hapa puani kwangu!" Tukamcheka, kumbe amevaa miwani juu chini.

Nyumbani nikavaa vile vile, juu chini, jekundu na bluu zikabadilishana macho. Picha ikakaa sawa. Hapo nikajua jicho la kushoto nililiweka kulia na la kulia kushoto, mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu hivi. Kurekebisha hakukumaliza hata kikombe cha chai. Nikawapelekea filamu, wakanisifu kwamba nimetibu makosa ya Emoit, nami nikanyamaza nikala kuku.

Sasa Emoit hakuna anayemwita. Harusi tatu zimemkataa, juzi nimemwona anapakia saruji, na kamera amempa dadake Joan amtafutie wa kuinunua. Je, nimpe tu kazi mpya kimya kimya, yaishe?

Fundi wa Macho Mawili, Busia

*

Fundi, kwa Mama Specioza nilicheka. Ulipofika kwenye kuku nikaacha.

Kuchanganya kushoto na kulia ni kosa la kazi, kila anayejifunza hukosea. Lakini ulijua, ukakaa mezani ukala sifa wakati mwenzako anabeba mifuko. Kijana aliyepima ubao wako kwa chupa ya maji! Pole kwa kukosa raha, lakini usinitafute nikupe dawa ya kuipata haraka.

Kimya kimya hapana. Ulimwaibisha mbele ya ukoo, huwezi kumsafisha uchochoroni. Nenda Tororo leo, mzaha uuache Busia, umwambie nani alibadili macho. Akikufukuza, kesho rudi. Kisha mwombe Mzee Etyang ukumbi ule ule, watu wale wale, uwaonyeshe ile filamu mbovu, na uwaambie wageuze miwani juu chini. Wakishaona Paddy ametoka mwambani, sema kwa mdomo wako kwamba kamera ya Emoit ilikuwa sawa. Mama Specioza mkalishe mbele. Siku ile ndiye peke yake aliyesema kweli, mkamcheka.

Emoit huenda asirudi kwenye ubao wako. Usimlazimishe.

Na ukifika ukute kamera yake imekwisha kuuzwa, fungua yako umkabidhi. Usiniandikie tena kuniuliza kama hiyo ni haki.

Shangazi Damalie