Moto Usio na Moshi na Mahindi Yako ya Mbegu

Mama,

Fukusi wameingia kwenye mahindi yako ya mbegu. Nilikuwa nashusha suke moja kutoka uchagani, pale jikoni, unga mweupe ukanimwagikia usoni. Wewe mbegu zako haziliwi, mvua ikikaribia nusu ya kijiji cha Lusangi inakuja kwako kuomba, na sasa ziko mikononi mwangu zinatobolewa. Sijui nimwulize nani kama si wewe. Najua hutajibu, acha nikueleze tu.

Unakumbuka mwuguzi alivyosema kifua chako kimeharibiwa na moshi wa jikoni. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Moshi? Moshi njo ilinilea mimi!" Hukumaliza hata kile kiangazi.

Baada ya kukuzika, yale mafiga yako matatu nilikuwa nayatazama kwa hasira, kama mtu aliyenikosea. Kisha mwanangu Shukuru naye akaanza kukohoa. Basi niliposikia kuna projet, mradi wa majiko, inatoa mbabula mpya zisizo na moshi, nusu ya bei wanabeba wao, nusu mwenye nyumba, sikungoja. Nilipanda pikipiki mpaka mjini Kasongo nikarudi nayo mapajani, nimeikumbatia njia nzima. Ni ya udongo mnene, nje imevikwa bati, joto linabaki ndani na kuni zinakwenda kidogo. Yule mama wa projet alikuja mwenyewe kutuonyesha namna ya kuiwasha. Sharti lake lilikuwa moja: "Mama Shukuru, nikirudi nisiyakute mafiga mu nyumba. Nikiyakuta, mbabula inarudi kwetu." Siku ile ile yakatoka. Baba aliyabeba yeye, moja moja, akayapanga nyuma ya nyumba.

Mbabula ni nzuri, mama, sitakudanganya. Mzigo wa kuni unakaa mpaka unausahau. Majani ya sombe yanaiva huku nimevaa nguo safi. Shukuru hakohoi tena, analala vizuri. Ningekuwa na akili iliyotulia ningefurahi, basi, yakaisha.

Lakini baba anasikia baridi. Unajua asubuhi za kiangazi zilivyo. Anavuta kiti chake, ananyoosha mikono juu ya mbabula, anangoja, na joto lote limejifungia mle na sufuria. "Huu moto iko na choyo," ananiambia. "Inajua chungu tu, mutu haimujue." Nilicheka. Siku chache baadaye akaacha kuja kukaa jikoni, na hapo sikucheka.

Halafu hawa fukusi. Mimi nimekulia chini ya uchaga ule! Nimekuona ukitia kuni mbichi motoni makusudi, sisi macho yanatutoka machozi, wewe unasema, "Lieni tu, mahindi inafurahi." Nilidhani unatutania. Kumbe ni moshi ule uliokuwa unalinda mbegu, na mbegu ndizo zimetulisha miaka yote, na moshi ndio uliokuchukua. Sasa niuchukie au niushukuru? Nageuza hili jambo kichwani mpaka nachoka, na kila upande nakukuta wewe.

Jana nikafanya nilivyoweza. Kile kibanda cha mbuzi kilichobaki kitupu nyuma ya nyumba, nimeyaingiza mafiga humo. Si ndani ya nyumba, sivyo? Nikachagua masuke yaliyo mazima, nikayatundika juu, nikawasha kuni mbichi, nikaenda shambani kuchimba mihogo. Nilijiona mjanja kweli.

Niliporudi kiti cha baba hakikuwa barazani. Nikasikia kikohozi kutoka kibandani, na, mama, kilikuwa kikohozi chako. Nikasukuma mlango nikamkuta amekaa mbele ya mafiga, macho mekundu, mikono ameinyoosha.

"Baba, toka humo, utakufa!"

"Niache, mwanangu. Harufu ya mama yenu iko humu."

Nilisimama pale mlangoni. Nimvute kwa nguvu? Nimkemee, baba yangu mzazi? Moto ule nimeuwasha mwenyewe. Nikaingia nikakaa karibu naye, tukawa tunakohoa wawili kama wajinga.

Sasa kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku shangazi walipofua nguo zako zote ili zigawiwe, kikwembe chako cha kijani, kile cha kujifunga ukipika, nilikificha sandukuni. Hakijafuliwa. Nilikuwa nakifungua mara moja moja, nanusa, nafunga haraka harufu isiishe. Kilikuwa changu peke yangu.

Nilikwenda kukitoa. Nikakitandika juu ya kifuniko cha mbabula kikapata joto, nikarudi kibandani nikamfunika baba mabegani. Alivuta pindo mpaka puani, akafumba macho.

"Njo yeye, njo harufu yake," akasema. Akanyanyuka mwenyewe, tukatoka nje.

Mlango wa kibanda nimeufunga kwa kamba. Moshi ni wa mahindi tu sasa, na mimi naingia kutia kuni na kutoka. Kama yule mama wa projet atasema hilo nalo ni kosa, sijui. Kama wewe ungesema ni sawa, hilo pia sijui, na ndilo linaloniuma zaidi.

Baba yuko barazani ninapoandika, amejifunika kikwembe chako, anaota jua. Upepo unapita, na kila ukipita naona unabeba kidogo cha harufu yako, na siwezi kumwambia arudi ndani.

Lala salama, mama yangu. Mbegu zilizopona nitazipanda mvua ya kwanza, hata zikiwa kiganja kimoja. Na kikwembe, hata akikimwagia sombe, sitakifua.

Mwanao,
Zaina