Watu Wako wa Makoti

Mama Zawadi,

Nimezoea kuanza barua kwa kumjulia mtu hali. Wewe nitakuuliza nini? Nilikuwepo walipokufukia. Ardhi ilikuwa imekakamaa kwa baridi, ikabidi mashine ndiyo ichimbe, na mchungaji wenu alifupisha sala maana watu walikuwa wanatetemeka. Basi nikuambie hali yangu mimi. Si nzuri, Mama. Naamka, naenda kwenye ile nyumba ya wazee, nawaogesha, nawalisha, narudi. Hakuna anayenigongea mlango na sufuria ya sombe, kisamvu chenu kile, akiniita "weye Mtanzania, unakula nini weye, mikate tu?"

Nyumba yako ina wapangaji wengine sasa. Mume, mke na watoto wadogo. Wameweka baiskeli pale mlangoni ulipokuwa unarundika magunia yako ya makoti. Nikipita korido ile najilazimisha kuangalia mbele.

Unakumbuka tulivyokutana? Nilikuwa mgeni katika nchi hii ya baridi, hapa mtaa wa Thorncliffe, natoka kazini asubuhi, theluji imenifika vifundoni. Pale kituo cha basi nikamkuta mzee amejikunyata kwenye benchi, koti la kijivu, kofia imeshuka hadi puani. Mimi nimelelewa Morogoro, siwezi kumpita mzee kimya hata kama ni Mzungu. Nikamwambia shikamoo. Kimya. Nikarudia kwa sauti. Ndipo nikasikia mtu anacheka nyuma ya kioo cha kituo, anacheka mpaka anashika mbavu. Ulikuwa wewe.

"Unapoteza shikamoo yako," uliniambia. "Huyu iko mzee Kasongo. Hata kule Uvira hakukuwa anajibu watu."

Nikamgusa. Alikuwa koti tupu, limejazwa mifuko ya nailoni na soksi kuukuu, uso wa kitambaa cha shuka, mikunjo ya uso imeshonwa kwa uzi mweusi. Nilitaka kukimbia. Badala yake nikakaa. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ulikuwa unacheka kwa Kiswahili, na mimi nilikuwa na wiki nzima sijasikia mtu akicheka kwa Kiswahili.

Jengo zima walikuona mwendawazimu, na hilo ulilijua. Ulikuwa unaokota makoti yanayotupwa na watu wanaohama, unayafua, unayashona yanakuwa watu. Kisha unawateremsha kwa lifti, mmoja mmoja, umewakumbatia kama wagonjwa, unawakalisha kituoni, chumba cha kufulia, kwenye kiti cha nyuma kanisani. Mama mmoja kanisani alipokuuliza kwa nini unaleta midoli mbele ya Mungu, ulimjibu, "Hawa haiko midoli. Hawa ni majirani. Hapa kila mutu anajifungia ndani, nani atawaona majirani zangu?" Kisha ukamsogezea mdoli wa Mama Furaha muuza dagaa ili wakae vizuri wote wawili.

Mimi nilichelewa kuelewa. Ulipoanza kunitajia majina ndipo nikaelewa kwamba wote walikuwa wa mtaa wenu mmoja kule Uvira, na wote walikufa vitani, na hakuna hata mmoja uliyewahi kumzika.

Watu wa usafi walikuwa wanawatupa. Hilo ndilo lililonifanya nianze kuwakusanya. Nikitoka kazini napitia kituoni, nikikuta mtu ameangushwa au amekojolewa na mbwa namchukua. Namfua kwenye beseni la kuogea huku mwanangu Tatu akinilalamikia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba marafiki zake hawawezi kuja kwetu tena, nyumba inatisha. Wewe mwenyewe ulinikasirikia. "Unawafungia ndani kama wafungwa. Mutu anakaa inje, anaona wapitaji." Tuligombana kweli. Hukunisemesha, hata lifti ulikuwa unasubiri inayofuata. Halafu siku moja nikafungua mlango nikamkuta yule muuza dagaa ameegemezwa ukutani, na wewe unaondoka zako bila kugeuka. "Huyu anaumwa mgongo," ulisema. "Huyo unaweza kumuweka."

Kuanzia hapo ukawa unaniletea. Nikawa najua mishono yako. Nikajua kwamba masikio huwa unashona mwisho, "ili asisikie vibaya mbele ya kuwa mutu kamili." Sikuwahi kuwa na kitu cha thamani maishani mwangu, Mama, lakini ile sebule yangu ilipojaa nilijiona tajiri.

Kuna mmoja tu hukumtoa nje hata siku moja. Yule mdogo, wa koti jekundu la mtoto, uliyekuwa unamlaza kitandani kwako na kumfunika shuka. Nilipomsogelea uliweka mkono. Ilikuwa mchana, tunachambua maharage, na ukanieleza bila kuinua macho. Riziki, mwanao mchanga. Alikufa mgongoni mwako mkiwa mnakimbia, na ulitembea naye mpaka giza lilipoingia kabla hujamwambia mtu, kwa sababu ungemwambia mtu wangekulazimisha kumwacha. Zawadi alikuwa kadogo, ameshika kitenge chako, anauliza kila saa kwa nini mtoto halii.

"Usimwambie Zawadi," ulisema. "Amesahau. Aache asahau. Na mimi siku nikienda, huyu unaniwekea kifuani."

Nikakuitikia. Nilidhani ni mambo ya miaka mingi mbele.

Ulipougua kifua hukutaka kwenda hospitali. Ulipokwenda hukurudi. Nilikuwa zamu, nikapigiwa simu na mama wa kanisani, nikamaliza kumfunga vifungo vya sweta bibi niliyekuwa namvalisha kwa sababu mikono ilikuwa inajua kazi yake, halafu nikakaa chini sakafuni.

Mwezi ulikuwa unaisha. Zawadi alitaka kurudisha ufunguo kabla ya kulipishwa mwezi mwingine. Simlaumu, Mama, yuko mji wa Markham huko na kazi na watoto, na hakuwa na akili wakati ule, alikuwa anatekeleza tu. Akatafuta watu wa kusafisha. Mimi nikawaza nitamwona jioni, nimwambie kuhusu yule mdogo, nitafute namna. Niliporudi lori lilikuwa linatoka uani. Nilipanda ngazi, sikungoja lifti. Mlango ulikuwa wazi na ndani hamna kitu. Wamefagia. Hata ile harufu yako ya sabuni na vitunguu ilikuwa imeondoka, madirisha yako wazi yote.

Nilishuka nikaingia kichwa ndani ya kontena la taka. Nilikuta kofia ya mzee Kasongo tu.

Ndiyo maana umelala peke yako. Nilisimama kaburini nikijua kwamba kifua chako kiko wazi, na sikuweza kumwambia mtu yeyote pale.

Baada ya hapo nilihangaika na hawa waliobaki. Alikuja dada mmoja wa jumba la sanaa, aliletwa na mwalimu wa Tatu. Akawapiga picha, akashika mishono yako kwa vidole viwili, machozi yakamlenga. Aliniuliza wewe ulisomea wapi. Akasema atanipigia. Nilimtengenezea chai nzuri, Mama. Hajapiga. Meneja wa jengo naye ameleta barua, anasema sebule yangu ni hatari ya moto, niwaondoe. Na wengine wameanza kuota ukungu kwa ndani, ile nailoni inashika unyevu. Nimejaribu kumfumua mmoja nimjaze upya. Nilipoona nafumua uso ulioushona wewe, nikaacha.

Kisha akaja Zawadi. Sikumtegemea. Alisimama mlangoni na glavu mkononi, hataki kuvua viatu. Akaniambia kwa adabu, "Shangazi, nimesikia una midoli ya mama. Nimekuja kuichukua nikaitupe, isiendelee kukusumbua. Umeshatuvumilia sana."

Nikamwambia aingie kwanza. Aliingia. Akawaangalia, mmoja mmoja, amekaza uso. Alipofika kwa yule mwanamume wa koti la kahawia, uliyemshona bega moja chini kuliko lingine, akasimama.

"Huyu ni nani?"

"Mama yako alisema alikuwa anabeba magunia bandarini," nikamjibu. "Kila siku bega lile lile."

Akasogea, akaweka kiganja kwenye lile bega lililoinama, akaliacha pale. Mtoto asiye na hata picha moja ya baba yake, Mama. Nilitoka nikaenda kusimama jikoni.

Aliponifuata alikuwa amevua viatu. "Kulikuwa na mmoja mdogo," akasema. "Mwekundu. Alikuwa kitandani amefunikwa. Mimi ndiye niliyemfunua nikamtia kwenye mfuko, maana wale wasafishaji walikuwa wanaogopa kumgusa. Yule alikuwa nani?"

Uliniambia nisimwambie. Nilijaribu, nakuapia. Nilifungua bomba, nikaosha kikombe kisafi. Alikuwa ananiangalia kwa macho yako yale yale. Nikamwambia. Jina, njia, mgongo wako, yote.

Alikaa sakafuni. Halafu akasema, kwa Kiswahili kile cha utotoni, kilichovunjika, "Mimi nilikuwa nauliza kwa nini halii. Siku zote nilifikiri ilikuwa ndoto."

Hakuwa amesahau, Mama. Wewe ulikaa kimya ili asahau, na yeye alikaa kimya akidhani ana kichaa. Mlikuwa mnakula meza moja kila Krismasi.

Alimchukua baba yake. Tulimteremsha pamoja, akamfunga mkanda kwenye kiti cha mbele, akaondoka bila kuniaga. Tangu siku ile hapokei simu zangu. Sijui kama nimemtendea mema au nimemmaliza. Nikilala nawaza alivyokuwa anaendesha gari, peke yake na bega lile.

Sina neno zuri la kukufariji nalo. Hawa watu wako wanaoza mbele ya macho yangu na sina pa kuwapeleka. Sitakuahidi kwamba nitawaokoa, ungejua naongopa, na ungecheka.

Ila hili nitalifanya. Kila Jumapili baada ya ibada, saa ile wewe na Zawadi mlipokuwa mnapigiana simu, nitampigia mimi. Asipopokea nitapiga Jumapili nyingine. Na siku atakayopokea sitamuuliza chochote. Nitamngoja kwenye simu, hata akilia tu, sitakata.

Lala, Mama. Najua kuna baridi huko.

Ni mimi,
Mtanzania wako