Ubao wa Kumbatio

6 Februari

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na ngazi hazikusumbui. Sisi wazima, ila goti la Bibi linamfanya agombane na kila kiti. Kwenye simu nakosa la kusema, ndiyo maana naandika.

Tangu nimalize shule nimejiunga na kikundi cha muuguzi wa zahanati yetu. Kila Jumamosi tunasimama nje ya lango la soko na mabango: KUMBATIO BURE. Anayetaka anakumbatiwa, kisha anaenda zake. Muuguzi anasema wako wagonjwa wanaokuja kwake ambao mwaka mzima hawajaguswa na mtu kwa upendo.

Najua utacheka. Mimi niliyekuwa naitika jina darasani kwa sauti ndogo mpaka mwalimu ananiandika sikuja! Lakini nimekwenda Jumamosi tatu. Wenzangu wanakumbatiwa mpaka nguo zinakunjamana. Mimi, hakuna. Mmoja aliniuliza, "Mnauza nini?" Mwingine aliniuliza choo kiko wapi.

Wewe ni mchoraji wa mabango, labda utaniambia nakosea wapi. Na utakuja lini? Tangu tumzike Mama umekuja mara mbili, na mara zote mbili, wakati wa kuondoka, umenipa mkono kama mtu aliyeniajiri.

Mwanao


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unavumilika. Mpe pole Bibi, na viti pia.

Kosa liko kwenye maandishi. Mwandiko wako ni mwembamba tangu utotoni. Herufi iwe nene kama vidole vitatu, nyekundu juu ya nyeupe. Usichore maua, yanamchelewesha msomaji. Nimekutengenezea ubao mpya, nimempa dereva wa basi. Usiuweke juani kwa siku mbili.

Kazi zimenibana.

Baba yako


2 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Hatujambo. Bibi anakusalimu, anauliza kama unakula.

Ubao umefika. Ni mzuri mno, na hiyo ndiyo taabu. Watu wanasimama, wanausoma, wanausifu, wanaondoka. Mwenye duka la viatu amechukua namba yako. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara ananiita Bi Bango. Jumamosi iliyopita nilisimama asubuhi nzima, na mtu pekee aliyenigusa alikuwa amenikanyaga. Hata pole hakusema.

Baba, nilikuuliza utakuja lini, ukanijibu habari za rangi. Nimeisoma barua yako mara nne, nikageuza hata nyuma. Sitaki ubao mwingine.

Mwanao


27 Machi

Mwanangu,

Natumaini mko salama. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya aibu.

Nilikuja. Jumamosi ya juzi nilisimama kwa kinyozi, ng'ambo ya barabara, na ndoo yangu ya brashi mkononi. Kinyozi akaniuliza, "Mzee, unanyolewa au unalinda mlango?"

Nikakuona. Umeushika ubao kwa mikono miwili, umeubana kifuani, kidevu kimekaa juu yake kama mtu anayechungulia dirishani. Mtu akukumbatie vipi? Apitie wapi? Nilikuchorea ubao, kumbe nimekujengea ukuta.

Nilitaka kuvuka nikuambie. Nilifika ukingoni mwa barabara. Mwanangu, mikono yangu imezoea kushika kitu. Hata siku ya mazishi nilishika ndoo, nikajisingizia kwamba naandika jina msalabani. Nikarudi kupanda basi.

Uegemeze ubao kwenye nguzo.

Baba yako


5 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo. Sijui kama nimetulia vya kutosha kuandika, lakini naandika.

Ulikuwa ng'ambo ya barabara! Watu wasionijua nilikuwa nawasubiri, na wewe unayenijua ukapanda basi! Bibi alipika ugali wa watu watatu siku ile, kwa sababu jirani alimwambia amekuona. Tukadhani jirani anaota.

Nimeuegemeza ubao kwenye nguzo. Mwanzoni sikujua mikono niiweke wapi, nikaifunga nyuma, nikaifunga mbele. Kisha mama mmoja muuza samaki akatua beseni lake. "Haya, nipe hiyo ya bure. Harufu utaizoea." Akanibana. Mimi ndiye niliyelia, Baba. Akanipigapiga mgongoni, akawaambia wenzangu, "Huyu mlimpanga upande usio wake. Alitakiwa awe kwenye foleni."

Jumamosi nitakuwa palepale, saa nne asubuhi. Ndoo iache nyumbani. Barua hii usiijibu kwa kalamu.

Mwanao


16 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama.

Bado nimekukasirikia kidogo. Nilikuambia uache ndoo, ukaja na kopo la rangi mfukoni. Nusu saa nzima umepiga magoti kwenye nguzo unarekebisha herufi K iliyochubuka, na watu kumi na mmoja wamepanga foleni nyuma yako wakidhani nawe umo. Muuza samaki akapaza sauti, "Baba, tumia zamu yako au utupishe!"

Uliitumia. Ulinibana vibaya, kiwiko kikaniingia ubavuni.

Blauzi yangu nyeupe ina vidole vitano vyekundu mgongoni. Bibi ameisugua kwa sabuni mara mbili, analalamika kwamba rangi yako haitoki. Leo alitaka kuisugua tena. Nimemnyang'anya.

Mwanao